Yasmini ya Pipani

Asubuhi ya Sikukuu ya Yasmini, Odile Funel aliamka mkono wa kushoto ukimuwaka kana kwamba ameulaza juu ya jiko. Alipopandisha mkono wa gauni la kulalia aliyaona malengelenge, makubwa kwa madogo, yamejaa maji, yametapakaa kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Mahali pamoja tu palikuwa pazima, pale alipokuwa amevaa saa. Hapo palibaki ukanda wa ngozi nyeupe, laini, kama ya mtoto.

Alikaa kitandani akiutazama ule ukanda. Jana yake, yeye na shemeji yake Tonin walimimina pipa zima la Aubélia ndani ya tangi la gari la zimamoto. Dawa ilimrukia, ikamchuruzika mkononi mpaka chini ya saa. Alijifuta kwa kitambaa kama wanavyojifuta wote kiwandani, akaenda nyumbani, akaanika nguo kibarazani jua likiwa bado kali. Dawa ilifika chini ya saa. Jua halikufika.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Ni jua."

Aubélia ilikuwa harufu mpya ya kiwanda cha Maubert. Ilinukia yasmini kuliko yasmini yenyewe, na haikuwa na ua hata moja ndani yake. Ilipikwa kwenye mitungi ya vioo. Kazi ya Odile, tangu alipotoka chuoni, ilikuwa kuhakikisha kwamba harufu mpya haimdhuru mtu kabla haijauzwa. Aliwanyoa simbilisi migongo, akawapaka dawa, akawafunika upande mmoja kwa karatasi ya bati na kuuacha wa pili wazi, akawaweka juani, kisha akaisoma ngozi yao. Zamani aliwaweka uani. Lakini paka wa mji wa Valclaire hawafungwi na mtu, na siku moja walivunja vizimba wakawararua simbilisi wote, manyoya na matumbo yakatapakaa mpaka mlangoni kwa bosi. Tangu hapo Odile akawahamishia kwenye ujia wenye ukuta wa kioo. Jua liliingia tele, paka hawakuingia, na kila mtu akamsifu. Simbilisi wa Aubélia walikaa humo wakatoka na migongo safi, naye akatia saini kwamba dawa haina madhara.

Kioo! Dereva yeyote wa lori anajua kwamba mkono unaotoka dirishani huiva, na ulio nyuma ya kioo haubadiliki. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini ule mwali unaounguza unabaki nje. Odile aliyajua hayo tangu shuleni. Siku ile alikuwa akiwafikiria paka.

"Clélie!" alimwita mwanawe. "Clélie, leo hutoki!"

Hakuitikiwa. Mezani palikuwa na kipande cha mkate mtamu kilichoumwa upande mmoja na glasi ya maziwa iliyobaki povu. Nguo nyekundu ya kuogelea haikuwa kambani. Bila shaka haikuwa. Siku hiyo watoto wote wa Valclaire huwa barabarani tangu asubuhi wakisubiri gari la zimamoto lipite katikati ya mji likiwamwagia watu maji ya yasmini, nao hulifuata wakicheza mpaka tangi likauke. Mwaka huu bosi alikataa maji ya maua. Alitaka Aubélia.

Odile alivaa gauni lililokuwa karibu, akakimbilia kiwandani.

* * *

Uwanja wa kiwanda ulikuwa umejaa wageni na glasi. Hilaire Maubert, bosi, alisimama katikati yao amevaa suti nyeupe, ua kifuani.

"Odile! Njoo unywe, mama! Hawa mabwana wametoka New York kuja kunusa kazi yetu."

"Bosi, naomba uje pembeni."

"Pembeni kuna nini? Simbilisi wamezaa?"

Wageni wakacheka. Odile akamshika mkono wa suti, akamvuta mpaka nyuma ya mapipa, akafunua mkono wake.

"Pole," Hilaire alisema. "Pasi hiyo."

"Ni Aubélia. Aubélia na jua. Lile gari lisitoke."

"Karatasi yako inasema haina neno. Nani alitia saini, wewe au wale paka?"

"Mimi. Nilikosea. Niliwaweka nyuma ya kioo, bosi, kioo kinazuia."

"Pipa moja, Odile, katika tangi zima la maji! Supu ya mke wangu ina sumu kuliko hiyo."

"Haichanganyiki na maji. Ni mafuta, yanaelea juu. Mpira wa pampu unanyonya kutoka chini. Mwanzoni yatatoka maji matupu. Tangi likikaribia kwisha itatoka Aubélia yenyewe, nzito, na hapo ndipo watoto wanapokuwa wamelizunguka gari. Mwanangu yumo. Mjukuu wako yumo."

Hilaire aliacha kutabasamu. Akatazama juani, akatazama ule mkono, akaitazama ile sehemu nyeupe ya saa. Odile akashusha pumzi. Ameelewa, alijiambia.

Alikuwa ameelewa kweli. Ndiyo sababu alimpiga. Kofi lilitua sikioni, Odile akayumba akagonga pipa, na kabla hajasimama vizuri bosi alikuwa ameushika ule mkono wenye malengelenge, akaubana na kuupinda. Malengelenge yakapasuka mkononi mwake kama zabibu. Odile alifungua mdomo apige ukelele. Hilaire akauziba kwa kiganja.

"Wewe ndiye uliyesema ni salama," alimnong'oneza. "Ikiwa si salama, ni kosa lako, na utaenda jela wewe. Mjukuu wangu nitamwita ndani. Wewe utakaa kimya mpaka hawa watu wapande ndege. Rocco!"

Rocco, mlinzi, mtu mwenye shingo kama gogo aliyetoka Calabria akiwa kijana, alikuja akijifuta mvinyo midomoni.

"Mama huyu amelewa. Mfungie kwa wanyama wake."

"Rocco, nisikilize," Odile alisema.

"Dada yangu, mimi sisikilizi. Ningesikiliza ningekuwa daktari." Akambeba begani kama gunia la maua.

* * *

Chumba cha wanyama kilikuwa na mlango wa chuma. Mlango huo ulifungwa, ufunguo ukazunguka. Simbilisi wakaanza kupiga kelele zao nyembamba. Mbali, kutoka bondeni, ngoma za sikukuu zilikuwa zimeanza, na baada yake honi ya gari la zimamoto.

Odile hakugonga mlango wala kuita. Alipita mpaka kwenye ujia wa kioo, akabeba kizimba kimoja cha chuma, kitupu, akakirusha kwa nguvu zote. Kioo kililia tu. Akakirusha tena, ukatokea ufa kama nyota. Mara iliyofuata ukuta ulimwagika nje kwa kishindo, jua likaingia, joto tupu, bila kitu cha kulizuia.

Rocco alikuwa amesikia. Alizunguka kwa uani akamkuta mguu mmoja nje mmoja ndani.

"Dada, usinilazimishe."

"Nipishe."

"Nina wanangu."

"Wako wapi sasa hivi? Si wako barabarani?"

Rocco alisita, lakini mkono wake ulikuwa umeshazoea kumtii bosi kuliko yeye mwenyewe. Akamkamata nywele. Akamvuta, akamgongesha kichwa kwenye fremu, mara moja, halafu tena, na Odile akaona dunia ikigeuka nyeupe, ladha ya chuma mdomoni. Alipapasa chini. Mkono ukapata kile kizimba. Alikipandisha kutoka chini kwenda juu, pembe ikampata Rocco chini ya kidevu. Meno yake yaligongana. Akamwachia nywele, akarudi nyuma, akakanyaga vioo, akateleza, akavikalia, na ukelele alioutoa ukawafanya simbilisi wote wanyamaze.

"Mguu wangu! Umenikata, we mwanamke!"

Damu ilikuwa ikimtoka pajani, nyeusi, nyingi. Odile alimvua mshipi wa suruali, akamfunga juu ya jeraha, akakaza kwa goti huku Rocco akimpiga ngumi za mgongoni.

"Ushike hapa. Ukiachia unakufa," alimwambia, akaondoka mbio kuteremka mlima.

* * *

Barabara kubwa ilikuwa imejaa kutoka ukuta mpaka ukuta. Magari yaliyopambwa maua yalikuwa yameshapita, petali zimelala kwenye matope. Gari jekundu la zimamoto lilikuwa linasogea polepole mbele ya kanisa, na juu yake Tonin, shati wazi, amekumbatia mpira akimwaga maji hewani. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa.

"Tonin!" mzee mmoja alipiga kelele kutoka dirishani. "Mbona hayanukii? Umetia maji ya kuoshea miguu?"

"Ya miguu ya mama mkwe wako!" Tonin alijibu, akamlenga dirishani. Watu wakaangua kicheko.

Odile alishukuru kwa kila aliyelalamika. Bado hayanukii. Bado ni maji. Alipasua umati kwa viwiko, akakanyaga miguu, akatukanwa, akasukumwa. Watu walipomwona usoni walimpisha, maana nusu ya uso ilikuwa damu. Nyuma ya gari aliiona ile nguo nyekundu. Clélie alikuwa akiruka na wenzake, mikono juu, mdomo wazi kuyadaka maji, nywele zimemganda shavuni.

Odile alishika ngazi ya gari akapanda.

"Shemeji!" Tonin alimaka. "Nani kakupiga?"

"Zima pampu."

"Nasema nani kakupiga? Nitajie nikamvunje."

"Zima pampu kwanza, Tonin, halafu vunja unayemtaka. Ile dawa inaunguza. Angalia." Akamwonyesha mkono uliokuwa umechunika. "Ikikutana na jua inaunguza. Sasa hivi inakuja, maji yanaisha."

Tonin aliutazama mkono, akatazama jukwaa la meya ambako Hilaire alikuwa amesimama na wageni wake, akiwapungia mikono.

"Bosi wako kasema mpaka tone la mwisho. Umekunywa, Odile?"

"Nusa pumzi yangu! Nimekunywa?"

"Basi umegongwa kichwa. Shuka ukae, nikimaliza nakupeleka kwa daktari. Shuka, usiniaibishe mbele ya watu."

Hapo harufu ikaja. Kwanza kidogo, kama mtu amepita na shada la maua. Halafu nzito, tamu, ya kukaba koo. Barabara nzima ikashangilia.

"Sasa hiyo ndiyo yasmini!" yule mzee alipaza sauti. "Lete, Tonin, lete!"

Tonin alicheka, akaanza kuuteremsha mdomo wa mpira kuelekea kwa watoto.

Shoka la zimamoto hukaa ubavuni mwa gari, kwenye kishikio cha ngozi. Odile alilichomoa. Tonin aliona, akauacha mpira mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamkaba shingo.

"Una wazimu? Weka chini!"

Alimbana mpaka macho yakamtoka. Odile alimpiga goti tumboni. Tonin akaguna, akampiga ngumi ya uso, ngumi ya mtu aliyekusudia kumzuia na akajikuta amempasua. Walianguka pamoja juu ya paa la gari, watu wa chini wakidhani ni mchezo wa sikukuu wakapiga makofi. Odile aligeuka kwa tumbo, akainua shoka akiwa amelala hivyohivyo, akalishusha juu ya mpira pale unapotoka kwenye pampu. Shoka likazama nusu. Akalishusha tena.

Mpira ulikatika. Upande wa mdomo ulikufa papo hapo ukaning'inia. Upande wa pampu ukafufuka. Ulipigapiga huku na huku kama joka lililokanyagwa, ukampata Tonin mdomoni akatema meno mawili na damu, ukatapika Aubélia juu yake, juu ya paa, juu ya wanaume waliokuwa wameanza kupanda kuja kuwaamua. Odile aliona kichwa cha lile joka kikigeukia nyuma, kwa watoto. Akajitupa juu yake. Akaulalia kwa kifua, akaufinya chini ya tumbo lake kwa mikono yote miwili, na pampu ikamtapikia tumboni, shingoni, usoni, mafuta matupu sasa, manene, harufu ikimwingia puani kama vidole.

Tonin alimpiga mgongoni. Mwingine alimpiga teke la mbavu, akasikia kitu kikivunjika ndani. Hakuachia. Ngumi zilikuja moja baada ya nyingine, na kila aliyempiga alirukiwa na mafuta hayo, mpaka pampu ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Wakamburuta na kumtupa chini barabarani.

"Mama!"

Clélie alikuwa amepenya kati ya miguu ya watu. Alikuwa analia, mikono imenyooka mbele, anakuja kumkumbatia kama alivyozoea anapoogopa. Ngozi yake ilikuwa na unyevu wa maji matupu, inang'aa juani. Odile alikuwa anachuruzika mafuta.

"Rudi!" alisema, lakini sauti ilikuwa imekwishia kwenye mikono ya Tonin. "Clélie, rudi! Usiniguse!"

Mtoto hakurudi. Alikuwa amebakiza hatua moja. Odile hakuwahi kumchapa mwanawe hata kwa kanga. Alikunja mguu na kumpiga teke la kifua.

Clélie aliruka nyuma, akaanguka chali, kichwa kikagonga lami.  Kisha mtoto akatoa kilio, na umati wote ukaripuka.

"Kampiga mtoto! Mwanawe mwenyewe!"

"Shetani wewe!"

Wanawake walikuja na viatu mkononi. Walimpiga visigino kichwani, wakamng'oa nywele, wakampasua gauni. Odile hakujikinga uso. Alikuwa anajaribu kusema.

"Kivulini. Nendeni kivulini. Mliolowa, mkaoge..."

"Atatuambia yeye pa kwenda!"

"Anataka kuoga! Mwogesheni!"

Walimburuta mpaka kwenye chemchemi iliyo mbele ya kanisa, wakamzamisha. Mkono mmoja ulimshika kisogo, mwingine mgongo, na maji baridi yakamjaa masikioni. Walimtoa akakohoa, wakamzamisha tena, na tena. Akawa anakufa, na huku anakufa akili yake ya kazini ikamwambia: maji safi, yanaosha, waache. Polisi walipofika kumnyang'anya mikononi mwao alikuwa amelegea kama nguo. Polisi hawakujua, wala wanawake wale hawakujua, kwamba walichomfanyia ndicho kilichomwokolea ngozi ya uso.

Waliobaki juani wakijisifu hawakuoshwa na mtu.

* * *

Kesho yake hospitali ya Valclaire ilijaa mikono. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya ukumbini mikono wameiinua mbele yao kama waliobeba trei, imevimba, ngozi imesimama kama mapovu. Wanawake walikuwa na mistari myekundu ya matone vifuani. Tonin alilala chumba cha pili, uso umefungwa bandeji isipokuwa tundu la mdomo, na tundu hilo lilikuwa likimuuliza kila muuguzi kama shemeji yake yu hai. Rocco alikuwa hai. Hilaire Maubert alikuwa amejifungia na wakili. Mtoto hakuwepo hata mmoja kwenye mabenchi yale, na Odile alimfanya muuguzi aende akatazame upya kabla hajaamini.

Polisi aliyekaa mlangoni alikuwa ameshamuuliza maswali. Odile alimjibu yote. "Andika kwamba saini ni yangu," alisema. "Andika na kioo. Usisahau kioo." Mbavu zilimruhusu maneno machache kwa pumzi moja. Shingo, kifua na mikono vilikuwa chini ya chachi, na chini ya chachi moto uliendelea.

Mchana bibi yake Clélie alimleta mtoto mpaka mlangoni, akabaki nje. Clélie aliingia mwenyewe. Alikuwa na nundu kisogoni.

"Nionyeshe mikono," Odile alisema.

Mtoto alinyoosha mikono akiwa mbali.

"Geuza. Shingo. Nyuma ya masikio. Miguu."

Clélie alionyesha kimoja kimoja. Ngozi yote ilikuwa safi. Odile aliisoma polepole, kutoka juu mpaka chini, kama alivyosoma migongo kwa miaka yote, ila safari hii hakukuwa na kioo mahali popote.

"Na kifuani?"

Mtoto alivuta ukosi wa fulana. Chini ya mtulinga palikuwa na alama ya zambarau, duara, imeanza kuwa njano pembeni.

"Hapa ni wewe," Clélie alisema.

"Ndiyo. Hapo ni mimi."

"Watu wote waliona."

"Waliona."

"Ungeniambia tu nisije."

"Nilikuambia."

Mtoto alifikiri. Akauachia ukosi wa fulana. "Sikusikia," alisema. "Lakini hata ningesikia ningekuja."

"Najua," Odile alisema. "Ndiyo maana nilikupiga."

Clélie alimtazama mamaye, bandeji, jicho lililofumba, mkono uliokuwa umelala juu ya shuka kiganja juu. Hakuja kuushika. Alivuta kiti kilichokuwa karibu na polisi, akakaa hapo mlangoni, miguu haifiki chini, mikono imekunjwa juu ya ile alama. Muuguzi alipopita akamwambia muda wa wageni umekwisha, mtoto hakuondoka kwenye kiti.